Bunduki ya Marisau na Kanga wa Yaeda Chini

Ndugu zetu walioajiriwa katika wilaya za Mbulu na Hanang, walimu, mabwana shamba, madereva na makarani, hutuuliza mara kwa mara swali ambalo mtu wa mjini aweza kulicheka: mtu mwenye kibali, atakaye kuwinda kanga na kwale siku ya mapumziko, anunue bunduki gani? Sisi hatulicheki. Bunduki hununuliwa kwa mshahara wa miezi mingi, na mnunuzi akikosea hana pa kuirudisha. Tena wengi wa waulizao hulitaja jina la Yaeda Chini, na jina hilo ndilo lililotufanya tulijibu swali hapa ukurasani badala ya kulijibu kwa barua.

Asiyepajua mahali hapo na asikie. Ukitoka Mbulu mjini, penye baridi na mashamba ya Wairaqw, ukashuka kuelekea magharibi, nchi hubadilika chini ya miguu yako. Joto hupanda, mahindi hukoma, miiba na mibuyu huanza, na mbele yako bonde la Yaeda hulala wazi kati ya nyanda za juu za Mbulu na milima ya Kidero. Nyuma ya milima hiyo liko ziwa Eyasi. Chini bondeni kuna uwanda wa magadi ambao masika huwa ziwa na kiangazi huwa vumbi jeupe. Humo Wadatoga huchunga ng'ombe wao, na humo Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ziada tu kwa jumla yao, wengi wao bado hutafuta riziki kwa upinde, kwa mizizi, kwa matunda na kwa asali.

Basi kabla ya kutaja chuma chochote hapana budi tuwataje ndege, kwa kuwa ndege ndiye achaguaye bunduki. Kanga ni ndege wa miguu. Ukimkaribia hukimbia, na hukimbia vema kuliko wewe; huruka pale tu anapobanwa, na hapo kundi zima hupaa kwa kelele kila mmoja upande wake. Mwili wake ni mgumu, manyoya yake yamebanana, na akijeruhiwa katika bawa hukimbilia kichakani wala humwoni tena. Kwale ni mdogo kuliko yeye. Hujilaza nyasini mpaka unakaribia kumkanyaga, kisha huruka ghafula, chini chini, kwa mwendo wa kushtua. Firigogo, wale ndege wa nchi kavu wafikao majini kwa makundi, hupita juu kwa kasi kama mawe yaliyorushwa. Kila mmoja wa hawa ataka jambo lake. Walakini wote watatu hukubaliana katika neno moja: mara nyingi yule utakayempata kwa haki atakuwa kati ya mita 20 na mita 35 kutoka kwako. Akizidi hapo, mwache.

Wengi hawapendi kusikia hivyo. Mtu akiingia dukani huuliza kwanza, “Hii yapiga mbali kiasi gani?” Muuzaji naye humpa mtutu mrefu uliobanwa sana mdomoni, amridhishe. Yafaa tueleze kubana huko ni nini, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Bunduki ya marisau haitoi risasi moja. Hutoa chembe nyingi ndogo zinazotawanyika kadiri zinavyokwenda. Fundi akiupunguza kidogo upana wa mtutu karibu na mdomo, chembe hukaa pamoja kwa mwendo mrefu zaidi. Wapimaji huchora duara lenye upana wa sentimita 76 na kulipiga kutoka mita 36 hivi. Mtutu uliobanwa kabisa hutia chembe 70 katika kila 100 ndani ya duara. Uliobanwa nusu hutia 60. Uliobanwa kidogo tu hutia 50. Na usiobanwa hata kidogo hutia 40. Msomaji atasema, “Basi nipe hiyo ya 70.” Asubiri. Mtutu huo huo kwa mita 20 hukusanya chembe zake mahali padogo mno. Ukikosa kidogo umekosa kabisa, na ukipata, kwale wako huwa kitambaa kilichotoboka, asiyefaa kwa chungu wala kwa mbwa.

Sisi twasema hivi. Atakayeweza, anunue bunduki ya mitutu miwili inayokunjika katikati, wa kwanza umebanwa kidogo na wa pili umebanwa nusu. Wa kwanza ni wa ndege arukapo karibu, wa pili ni wa yule anayekwenda zake. Kama mitutu imelala sambamba au imepandana mmoja juu ya mwingine, hilo ni la mapenzi ya mtu. Sifa kubwa ya bunduki ya kukunja ni kwamba ukiikunja kila mtu aliye karibu aona kwa macho kuwa haiwezi kulia. Asiyeweza bei ya mitutu miwili achukue ya mtutu mmoja, wala asione haya: risasi moja humfundisha mtu kufikiri. Zile zinazopakia zenyewe risasi tatu, nne au tano hatuzikatai kwa askari. Katika kundi la kanga twaziogopa, kwa sababu risasi ya tatu aghalabu hupigwa kwa hasira.

Kuhusu upana wa mtutu, iliyoenea kote ni Namba 12. Jina hilo ni la kale: lilitokana na mtutu unaoingia tufe la risasi ambalo matufe 12 ya namna yake huwa na uzito wa ratili moja. Ndiyo maana Namba 20 ni nyembamba kuliko Namba 12, jambo linalowatatiza wengi. Namba 12 ina upana wa milimita 18.5 hivi, na Namba 20 kama 15.6. Namba 20 ni nyepesi na yafaa kwa mtu mwembamba atakayetembea kutwa. Lakini mtu wa mshahara afikirie pia upatikanaji wa risasi, na Namba 12 ndiyo ipatikanayo kwa urahisi zaidi. Tena twaonya kwa nguvu: nyumba yenye Namba 12 na Namba 20 isichanganye risasi kamwe, hata mfukoni. Risasi ya Namba 20 ikitiwa kwa makosa katika mtutu wa Namba 12 huteleza ndani na kukwama mbele. Mtu akidhani hakutia kitu, akaongeza ya Namba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi mwake. Kwa ajili hiyo viwanda hutengeneza risasi za Namba 20 kwa ganda la njano. Rangi hiyo si ya urembo.

Uzito nao una hesabu yake. Fundi mmoja mashuhuri wa Birmingham, W. W. Greener, aliyeishi katika karne ya 19, hutajwa kwa kanuni kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 ya uzito wa marisau itupayo. Msomaji apige hesabu: kwa marisau ya gramu 28, bunduki iwe na kilo 2.7 hivi, kwa gramu 32, kilo 3 na kidogo. Ikipungua sana itakupiga begani. Ikizidi sana, ufikapo mbuyu wa pili utatamani kumpa mtoto akubebee, na bunduki haipewi mtoto.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika. Si vibaya. Bunduki njema iliyotunzwa huishi kuliko mwenyewe. Ikunje, itazame mitutu kuelekea mwangani: ndani iwe kama kioo, bila vishimo vya kutu wala vivimbe. Ifunge, kisha itikise kwa upole. Ikicheza kwenye bawaba, mwachie mwenyewe. Soma alama zilizogongwa chini ya mitutu, maana bunduki za Ulaya hupimwa kwa baruti kali kabla ya kuuzwa na hugongwa mhuri, na hapo hapo huandikwa urefu wa chumba cha risasi. Risasi ndefu katika chumba kifupi ni hatari hata kama imeingia. Na ukiona mtutu wenye mistari mizuri kama mkeka uliosukwa, jua kwamba ni chuma cha zamani kilichofuliwa kwa kusokotwa. Kitundike ukutani kama kumbukumbu, baruti ya leo usiitie humo. Kuhusu gobori, hatuna la kuongeza. Wazee wetu wengi waliachiwa gobori tu na serikali ya kikoloni, wakailia nyama na wengine wakapoteza vidole. Heshima yao iko palepale, lakini zama zake zimepita.

Bunduki ikishanunuliwa, mnunuzi aone kama imemfaa yeye mwenyewe. Hakikisha haina risasi, simama, fumba macho, ipandishe begani na shavuni kama upigaye, kisha fumbua. Jicho likitazama sawasawa juu ya mitutu, bila kuona ubavu wake wala kitako kukuzuia, imekufaa. Likitazama pembeni, utakosa ndege maisha yako yote na kumlaumu mganga.

Marisau yenyewe hupewa namba pia, na hapa kadiri namba inavyokua ndivyo chembe inavyopungua. Kwa kanga twapendelea Namba 5, au Namba 4 mwishoni mwa kiangazi makundi yanapokuwa na hofu. Kwa kwale na firigogo Namba 6 au 7. Namba hizo hazilingani katika kila nchi, basi soma ukubwa wa chembe uliopigwa chapa kwenye boksi. Namba 6 ya Kiingereza ina chembe kama 270 katika gramu 28. Karibu na maji twawasihi wawindaji wasitupe marisau ya risasi kabisa. (Lugha yetu imefanya uchumi hapa: jina la madini na jina la kitokacho bundukini ni moja.) Ndege wa majini humeza chembe hizo wakidhani ni changarawe, nazo huwaua polepole kwa sumu. Marekani ilikataza marisau ya namna hiyo kwa uwindaji wa ndege wa majini nchini mwake tangu mwaka 1991, na uwanda wa Yaeda masika huwa na heroe na bata wasiojua kusoma boksi.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Tulipokwenda bondeni mara ya kwanza tulikuwa na kibali, gari la kuazima, na bunduki ya mitutu iliyobanwa mno, kwa kuwa sisi pia tuliwahi kumwuliza muuzaji habari za mbali. Asubuhi tuliliona kundi la kanga chini ya mibuyu. Tukapiga kutoka mbali, kama hatua sitini. Mmoja akaanguka. Wengine wawili waliruka vibaya, miguu ikining'inia, wakapotelea kwenye miiba. Tuliwatafuta kwa saa nzima tusiwapate. Kundi lote likavuka bonde. Tukiwa tumesimama pale na kanga wetu mmoja, mzee wa Kihadzabe akatokea na vijana wawili wenye pinde. Kumbe walikuwa wakilinyatia kundi lile lile tangu alfajiri, kwa upande wa pili wa upepo. Tulimwamkia, naye akaitika kwa upole. Akamtazama ndege, akatutazama sisi, akauliza kwa Kiswahili chake, “Bwana, huyu mmoja ni wako. Na hawa uliowafukuza, ni wa nani?”

Hatukuwa na jibu. Tulimpa kanga, akampokea bila maneno mengi. Vijana wake walikuwa na mishale ya mti mtupu, isiyo na chuma, ile waitumiayo kwa ndege na wanyama wadogo. Ya chuma na ya sumu huiweka kwa wanyama wakubwa. Mshale huo haulii. Ukikosa, ndege wa pembeni huinua kichwa tu kisha huendelea kudonoa. Mshindo wa bunduki yetu ulikuwa umesikika mpaka milimani, na kwa upande ule wa bonde siku ya mwenye upinde ilikuwa imekwisha kabla jua halijapanda. Sisi tulikuwa na maboksi ya biskuti garini. Wao walikuwa wakitafuta chakula cha siku ile.

Tangu hapo twapima bunduki kwa kipimo kingine. Ifaayo Yaeda Chini ni ile impigayo ndege mmoja, karibu, akafa papo hapo, na mwenyewe akairudisha begani. Risasi nyingi, hata zikiwa halali, ni kelele katika nyumba ya mtu. Na nyumba ni neno tulilolichagua kwa makusudi. Mwaka 2007 habari za bonde hili zilifika katika magazeti ya dunia, kampuni moja ya uwindaji yenye uhusiano na ukoo wa kifalme kutoka Falme za Kiarabu ilipokuwa imekubaliwa kuwinda humo. Wahadzabe walipinga, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ilijitoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Kwa hiyo ndugu mwenye leseni mkononi asidhani kwamba karatasi ya wilayani imemaliza mambo. Akaulize kwanza katika ofisi ya maliasili kama uwindaji umefunguliwa, wa ndege gani na mahali gani. Kisha apige hodi kwa serikali ya kijiji, aseme ni nani, yuko wapi, atapiga wapi. Akiambiwa, “Upande ule leo watu wanarina asali,” asiende upande ule.

Na si adabu tu, ni uhai wa watu. Chembe ya Namba 6 huweza kufika karibu mita 200, na hata ikiwa imechoka yaweza kupofua jicho. Katika vichaka vile kuna akina mama walioinama wakichimba mizizi, nao hawaonekani mpaka uwafikie. Kuna watoto wa Kidatoga nyuma ya mbuzi. Ndege arukaye chini ya kimo cha kichwa cha mtu asipigwe, hata awe mnono namna gani. Piga yule ambaye nyuma yake ni mbingu.

Wazungu wawindao kwa michezo huona ni aibu kumpiga ndege aliyetua. Mhadzabe akisikia hayo atacheka, maana yeye hutafuta chakula wala hatafuti sifa. Sisi twakubaliana na Mhadzabe kwa sababu, na Mzungu kwa matokeo. Bunduki ya marisau ikielekezwa katika kundi lililotua, huua mmoja na kutia chembe katika watano; tena hupiga sambamba na ardhi, kule waliko wachimba mizizi. Basi mchague mmoja aliyejitenga, penye kilima au ukingo nyuma yake, ama ungoja aruke. Kuwapiga usiku wakiwa wamelala mtini sheria yakataza, na hata isingekataza. Majini pia tusiwavizie: kiangazi dimbwi ni moja, na wote hulitegemea.

Arukapo, usimtazame bunduki, mtazame ndege. Macho yote mawili yawe wazi. Mguu wa mbele uelekee aendako, mtutu umfuate kutoka nyuma, umpite, ufyatue huku mkono ukiendelea kwenda. Wengi hukosa kwa kuusimamisha mkono wakati wa kufyatua. Marisau hutoka kwa mwendo kama wa mita 400 kwa sekunde, lakini hupungua upesi. Mpaka yafike mita 30 ndege arukaye kilomita 60 kwa saa amekwisha kwenda mita moja na nusu. Ukimlenga alipo, umelenga mahali alipokuwa. Jizoeze kwanza kwa bunduki tupu mbele ya ukuta, kisha kwa karatasi kubwa ya sentimita 76 uliyoitundika, uone bunduki yako hutawanyaje kwa mita 20 na kwa mita 30. Risasi nne zilizopigwa karatasini zitakufundisha kuliko arobaini zilizopigwa hewani. Ndege akianguka, weka macho pale pale alipoangukia, kunja bunduki, enda umchukue kabla ya kumfikiria mwingine. Aliyejeruhiwa atafutwe mpaka apatikane, hata jua likizama na gari likapiga honi.

Jioni kazi haijaisha. Vumbi la bonde lina magadi, na magadi na jasho hula chuma usiku mmoja. Toa risasi, zihesabu, uandike ngapi zimetumika na kwa ndege wangapi, maana utaulizwa. Pitisha kitambaa kikavu katika mitutu yote miwili, kisha chenye mafuta kidogo. Futa bawaba, futa kifyatulio, futa mahali shavu lilipokaa. Mafuta yakizidi hukusanya vumbi na kuwa msasa. Bunduki ifungiwe peke yake, risasi zifungiwe mahali pengine, na ufunguo usiachwe juu ya kabati ambako kila mtoto wa nyumba ajua kwamba ndipo ukaapo ufunguo.

Ile bunduki yetu iliyobanwa tuliipeleka baadaye kwa fundi mwenye leseni, akaufungua mtutu wa kwanza kwa gharama isiyofika robo ya bei yake. Mara ya pili tuliposhuka Yaeda Chini tulipitia kijijini kwanza, tukangoja mpaka adhuhuri tuambiwe wenye pinde wameelekea wapi. Walikuwa wameelekea Kidero. Sisi tukaenda upande wa pili na risasi sita, tukarudi na kanga wawili na risasi tatu.